Maji Baridi ya Mkurugenzi

Wako watu ambao wakizeeka huwa wapole. Mimi kazi ya maji imenizidishia ukali, wala sioni haya kusema. Niliingia kazini nikiwa msichana mwenye kofia ya plastiki iliyonipwaya kichwani, injinia wa pekee wa kike katika ofisi yenye choo kimoja, nacho cha wanaume. Kadiri nilivyopanda cheo ndivyo dharau yangu nayo ilivyopanda. Niliwadharau kwanza waliokuwa juu yangu, kisha waliokuwa sawa nami, na mwishowe hata wateja. Anayedhani mtu anaweza kuugawia mji maji na bado akawapenda watu wake wote, huyo hajawahi kugawa hata pilau ya arusi.

Chukua watu wa Nyali. Simu ikilia Jumamosi asubuhi nilijua ni mtu wa Nyali na bwawa lake la kuogelea. Bwawa halijajaa, na wageni wanakuja. Hilo "halijajaa" alilisema kwa sauti ya mtu anayesema mgonjwa wake hajaamka. Nami mtumishi wa umma nilimjibu kwa adabu, "Nitaangalia, bwana," huku moyoni nikimwombea vyura. Hatua chache kutoka kwake, katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, watu walikuwa wakisukuma mikokoteni ya mitungi ya maji juani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunipigia simu. Hao nao nikawadharau kwa unyonge wao, maana katika mji huu asiyepiga kelele hunywa alichoachiwa.

Kwa asiyejua, maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka mbali, kwenye chemchemi na mito, na hupita kwenye mabomba makuukuu kiasi kwamba tukiyafukua hatuthubutu kuyagusa sana. Njiani kila mji huonja kidogo, na kila mwenye shamba na msumeno huonja zaidi. Yanapotufikia yamepungua. Kazi yangu ilikuwa kuyagawa hayo yaliyosalia katika sehemu za mji zilizo nje ya kisiwa, yaani Changamwe, Likoni nilikozaliwa, Nyali na Kisauni. Ninayotaka kusimulia yalitokea Kisauni.

Kuna mtaa huko ambao zamani ulijitosheleza kwa visima vyake. Watu wakaja, nyumba zikabanana, kila ua ukachimba kisima na kila kisima kikatiwa pampu, mpaka bahari ikapata nafasi ya kujipenyeza chini kwa chini. Visima vikaingia chumvi kimoja baada ya kingine. Chai ya mtaa ule ilikuwa kama mchuzi uliotiwa chumvi na watu wawili wasioambizana. Mwenye uwezo alinunua maji kwa wachuuzi wa mikokoteni, na asiye nao alizoea.

Katikati ya mtaa palikuwa na zahanati, na ndani ya zahanati chumba kimoja cha kuzalia. Aliyekisimamia alikuwa mkunga wa makamo, mtu wa Kisauni hiyo hiyo, mwenye buibui lililopauka mabegani na ulimi usiopauka kamwe. Mfereji wa zahanati ulikuwapo ukutani, lakini uliunganishwa na kisima, na kisima kilikwisha kuwa bahari. Kwa hiyo mwanamke akija kujifungua alikuja na uchungu wake, leso zake, na mitungi yake miwili ya maji aliyonunua njiani. Asiyeweza kununua alioshwa kwa kilichokuwapo.

"Mama ametoka kuzaa, ana majeraha, nimwoshe kwa chumvi?" mkunga aliniuliza siku ya kwanza nilipokwenda kupima. "Kwani mimi hapa nakausha papa?"

Nikamwambia nitaleta bomba kutoka barabara kuu.

"Lete upesi, mwanangu. Usipoleta, chumba hiki nitakifunga kabla sijaua mtu humu ndani."

Bomba lenyewe halikuwa kitu cha ajabu. Nililichora kwa asubuhi moja. Kazi ilikuwa kulipata. Nikaomba, nikajibiwa kwamba hakuna mabomba. Nikaenda kwenye yadi yetu ya Changamwe nikayaona kwa macho yangu mabomba ya ukubwa ule ule niliotaka, yamelala safu kwa safu, nyasi zimeota kati yake, na mbuzi wa mtu amejibanza ndani ya moja akikimbia jua. Nikauliza. Nikaambiwa hayo yametengwa. Yametengwa kwa ajili ya nini? Hakuna aliyejua, ila kila mtu alikuwa na hakika kwamba yametengwa. Nikaomba tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo. Nilijifunza kwamba ofisini neno "yametengwa" hutumika kama watu wanavyotumia "marehemu". Likishatajwa, watu huinamisha vichwa na hawaulizi zaidi.

Hapo ndipo akaletwa mkurugenzi mpya.

Alitoka bara, mwenye shahada nyingi na kitambaa kidogo cha kufutia jasho. Joto letu lilimtesa. Kila alikokwenda alifuatwa na msaidizi mwenye kisanduku cha barafu chenye chupa za maji, na alikunywa kama gari bovu linalovuja. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu mwizi utamshitaki. Huyu alikuwa mtu mwenye nia njema asiyesikia. Ukimweleza jambo aliitikia kwa kichwa tangu neno la kwanza, na kufikia neno la tatu alikuwa amekwisha kulielewa jambo jingine.

Mwezi wake wa pili alitangaza kwamba anataka kusikiliza wananchi. Nilimpeleka katika mtaa ule makusudi. Viti vya plastiki vikapangwa katika uwanja wa shule, hema likafungwa, na watu wakaja wengi kuliko nilivyotarajia. Walikuwapo wenyeji wa zamani na walikuwapo waliotoka bara kufanya kazi bandarini na viwandani, wote wameungana kwa kiu moja. Mkurugenzi akasimama, akajifuta paji la uso, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nimekuja kusikia. Leo hakuna siasa. Semeni tu kitu moja ile mnataka, nitaleta."

Watu wakamwangalia mkunga. Akainuka, akajitanda buibui vizuri.

"Bwana mkubwa, karibu kwetu. Sisi hatuna maneno mengi. Twataka maji baridi. Basi."

Akaketi. Watu wakaitikia, "Naam! Maji baridi!" Na mimi nilipogeuka kumtazama mkurugenzi nikamwona uso umemchanua kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Si mngesema mapema!" akasema. "Hata mimi hii joto ya huku inanimaliza. Maji baridi mtapata!"

Hapa lazima nimweleze asiye wa Pwani. Kwetu sisi maji ni ya aina mbili, ya chumvi na baridi. Ya chumvi ni ya bahari na ya visima vilivyoharibika. Baridi ni yale yasiyo na chumvi, ya mto, ya mvua, ya mfereji. Maji baridi yanaweza kuwa jikoni yanatokota na bado yakaitwa maji baridi. Mtoto wa Mombasa hulijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Hata wale waliotoka bara pale uwanjani, waliokaa Kisauni miaka miwili mitatu, walilijua, kwa maana ndilo neno wachuuzi wanaloimba wakipita na mikokoteni. Pale uwanjani asiyelijua alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na mamlaka.

Mtu akakohoa. Mwingine akatazama viatu vyake kwa bidii. Nawajua watu wangu. Mgeni akikosea maneno hadharani hasahihishwi, eti ni kumvunjia heshima, lakini pia kuna furaha ya siri ambayo hakuna anayetaka kuikatiza. Sisi watu wa Pwani tunajiona ndio wenye lugha, na hatuna starehe kubwa kuliko kumsikia mtu mkubwa akiumwa nayo. Kwa hiyo wakasema, "Inshallah, bwana," "Ahsante sana, bwana," naye akachukua kila inshallah kama saini.

Nikamwinamia sikioni. "Bwana mkurugenzi, hawasemi maji ya friji. Maji baridi hapa maana yake ni maji yasiyo na chumvi."

"Injinia," akaninong'oneza akitabasamu kwa umati, "mimi Kiswahili nilipata A."

Sitasema uongo, nilimcheka. Nilirudi ofisini nikicheka, nikawasimulia wenzangu, tukacheka pamoja mpaka chai ikapoa. Nilidhani ni mzaha wa wiki moja.

Wiki iliyofuata akaniita kunionyesha picha ya mtambo. Ulikuwa kibanda cha bati chenye mashine za kupoza maji, za umeme wa jua, na mifereji minne mbele. Utajengwa kwenye kona ya uwanja ule ule wa shule, na kisima kipya kitachimbwa hapo hapo kuulisha. Nikavuta kiti, nikaketi bila kukaribishwa, nikamweleza upya, polepole, kama ninavyomweleza mtoto wa dada yangu hesabu. Nikamwambia chini ya uwanja ule kuna chumvi. Nikamwambia wanachotaka watu ni bomba la kutoka barabara kuu, lifike zahanati, wanawake wazae kama binadamu.

Alinisikiliza kwa tabasamu lile lile. "Kama walitaka maji ya mfereji wangesema maji ya mfereji. Mimi nilikuwa hapo. Nilisikia na masikio yangu. Wewe unataka kuingiza hiyo bomba yako kila mahali."

"Muulize mtu mwingine basi. Muulize askari wa langoni."

"Na chumvi si shida," akaendelea. "Mtambo iko na chujio."

Chujio lenyewe lilikuwa la kuzuia mchanga. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitoka mle ofisini na dharau imenijaa mpaka kooni, na tangu siku ile sikumwita tena "bwana mkurugenzi" kwa sauti yangu ya kawaida. Nilikuwa nalivuta lile "bwana" kidogo. Hakugundua.

Kisima kikachimbwa. Nilipima maji yake mwenyewe, nikaonja pia, nikatema. Nikamweleza kwa maneno na kwa maandishi kwamba hayo ni maji ya chumvi. Akajibu kwamba yatakuwa baridi.

Siku ya uzinduzi walikuja wapiga ngoma, na utepe mwekundu ukafungwa mbele ya mifereji. Juu ya kibanda, kwa rangi ya buluu na herufi ninazoziona mpaka leo nikifumba macho, waliandika MAJI BARIDI KWA WOTE. Mkurugenzi akakata utepe, akahutubia kuhusu kusikiliza wananchi, akanywa maji. Lakini alikunywa kutoka kwenye chupa yake, kama kawaida yake. Ya mtambo alimpa mkunga, kwenye glasi, mbele ya wapiga picha.

Mkunga akapokea kwa mikono miwili. Akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni, akalimeza. Akamtazama mkurugenzi.

"Baridi kweli," akasema.

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mkurugenzi naye akacheka nao, akapunga mkono. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Wallahi, bahari imetiwa kwenye friji tukaletewa." Wakampigia makofi mkurugenzi na kumsindikiza mpaka garini wakimwambia mashallah, mashallah, na siku hiyo niliwadharau wao kuliko yeye. Yeye hakujua. Wao walijua, na walimpa makofi kwa kuwa ilikuwa burudani. Walirudi majumbani kunywa chai yao ya chumvi wakijiona wajanja.

Aliyefaidika alikuwa mtu mmoja. Muuza samaki wa kona ile aliusifu mtambo kwa dhati, kwa sababu maji ya chumvi yaliyopoa yalimfaa sana, na samaki wake aina ya changu walikaa wabichi mpaka jioni.

Mkunga hakucheka zaidi ya siku ile. Wiki chache baadaye alifanya alivyosema atafanya. Akakifunga chumba cha kuzalia, akatia kufuli, akawa anawaelekeza wanawake hospitali kubwa kule kisiwani. Wapo waliofika. Mmoja, mke wa hamali wa bandarini, alipanda tuktuk na mama mkwe wake mchana wa jua kali, na magari yalikuwa yamesongamana. Hawakufika hata kwenye daraja la kuingilia kisiwani. Alijifungulia Frere Town, ndani ya tuktuk, kando ya barabara, dereva amesimama nje akitandaza leso kumsitiri na watu wakipiga honi nyuma yake. Mama na mtoto walipona, alhamdulillahi.

Mkunga alinipigia simu mwenyewe kunieleza. Hakupiga kelele. Alinieleza polepole, na mwisho akasema, "Basi mimi nimekwambia," akakata. Vile vichekesho vyote nilivyokuwa nikiwasimulia wenzangu juu ya maji baridi vikanigeukia aibu. Sikuweza tena kucheka. Nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu.

Nikaenda kwa mkurugenzi, nikamweleza habari ya tuktuk. Alisikitika. Nasema kweli, alisikitika, hata akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Lakini kujifungua ni mambo ya idara ya afya, si sisi," akaichukua tena kalamu. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango aliponiita. Sasa uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shida ya kweli. Wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Nairobi. Walikuwa wamesikia kuhusu mtambo, wamependa sana habari ya kusikiliza wananchi, na wanataka kuuona na kunywa maji yake. Na mtambo ulikuwa umekufa. Chumvi ilikuwa imekula mashine, mifereji imeota kutu kijani, mmoja umedondoka wenyewe. Muuza samaki alikuwa amekuja ofisini kulalamika.

"Injinia, hii mtambo itaponaje?"

Nikarudi nikaketi. Nikawaza mwanamke yule na leso ile barabarani, na kwamba kwa ajili yake hapakupatikana hata bomba moja. Nikajua pia, wakati ule ule, kwamba kwa ajili ya kibanda hiki mabomba yatapatikana.

"Bwana mkurugenzi," nikasema, na lile "bwana" nikalivuta vizuri, "mashine tutabadilisha. Lakini mashine za kupoza haziwezi maji ya kisima. Zinataka maji ya mfereji. Lete bomba kutoka barabara kuu, na wakubwa watakunywa."

"Bomba ziko?"

"Ziko Changamwe. Zimetengwa."

"Zimetengewa nani?"

"Hakuna ajuaye."

"Basi zilitengewa hii mtambo!" akasema, akapiga meza. Alifurahi kweli kweli, akaniambia hivyo ndivyo anavyopenda watu wafanye kazi.

Mabomba yaliyonishinda miaka yote yalipakiwa kwenye lori kesho yake. Mbuzi alifukuzwa. Vibarua wakaanza kuchimba, na niliwasimamia mwenyewe, nimevaa buti, kila siku. Mstari wa moja kwa moja kutoka barabara kuu hadi kwenye mtambo haupiti zahanati. Wangu ulipita. Mkurugenzi alikuja kukagua, akasimama kwenye kona akauliza kwa nini bomba limepinda hivi.

"Mwamba, bwana," nikamwambia.

Hapakuwa na mwamba. Palikuwa na mchanga laini ambao mtoto angechimba kwa kijiko. Vibarua wakainamisha vichwa, mmoja akaanza kupiga chini kwa sururu kwa nguvu za ajabu, na mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Ukutani mwa zahanati nikaacha tawi la bomba, nikaliunganisha na mfereji wao siku hiyo hiyo kabla udongo haujarudishwa.

Wakubwa wakaja. Wakanywa, na safari hii yalikuwa baridi kwa maana zote mbili. Wakasema mtambo huu uigwe Pwani nzima. Mkurugenzi akanishukuru hadharani kwa kuwa sehemu ya timu yake. Haukupita muda akapandishwa cheo akarudi Nairobi, na nasikia huko huwaeleza watu jinsi ya kusikiliza wananchi. Mpaka leo hajui alichoambiwa siku ile chini ya hema. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nami nilikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyemshinda mpumbavu. Nilingoja siku kadhaa ili nisionekane nimekimbilia shukrani, kisha nikaenda zahanati. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimechagua hata namna ya kukataa sifa.

Chumba cha kuzalia kilikuwa wazi. Mfereji wa ukutani ulikuwa unatiririka, maji safi, na chini yake mitungi imepangwa mstari mrefu mpaka mlangoni, na ndoo, na masufuria, hata beseni za kuogeshea watoto. Mkunga alikuwa kwenye benchi akizungumza na binti mmoja mwenye mimba kubwa, lafudhi yake ya bara, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Ukisikia uchungu usingoje," mkunga alikuwa anamwambia. "Uje na leso tatu, na mtu wa kukushika mkono. Na mitungi yako miwili ya maji."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mitungi ya nini tena? Maji si hayo yanatoka?"

"Yatoka leo," akasema.

"Bomba ni jipya. Nimelilaza mwenyewe."

"Nimekuona. Umefanya kazi nzuri." Akamgeukia binti, akarudia, "Mitungi miwili, usisahau," kisha akanirudia mimi. "Kesho yatatoka?"

Kesho haikuwa siku yao. Maji ya mji hayatoshi, na tunayagawa kwa zamu. Mtaa huu hufunguliwa leo, ule kesho, na wa Nyali karibu kila siku, kwa sababu hupiga simu. Aliyepanga zamu alikuwa mimi.

"Nyinyi watu wa maji mna zamu zenu," akasema. "Mtoto hajui zamu."

Hilo "nyinyi" lilinichoma. Nikaanza kumweleza. Nikamwambia asiniweke pamoja na wale, mimi nimepigana miaka yote hii kwa ajili ya chumba hiki, nimemdanganya mkurugenzi, nimepindisha bomba. Nikamwambia laiti angejua yule bwana alivyokuwa mjinga. Nilisema mengi, na kwa sauti, na binti mwenye mimba akawa anatazama chini.

Mkunga alingoja nikamaliza.

"Yule bwana mimi simjui," akasema. "Nimemwona mara mbili. Alinipa maji ya chumvi nikanywa, akaenda zake. Mimi nimjuaye ni weye."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema leso tatu. Mtungi uliokuwa chini ya mfereji ukajaa, ukaanza kumwagika sakafuni, naye akautazama, akanitazama mimi.

"Mbona umesimama? Toa huo, weka mwingine. Yatakatika saa ngapi?"

Nikamwambia saa. Nikaweka mkoba wangu kwenye benchi, nikakunja mikono ya gauni, nikautoa mtungi uliojaa nikauweka mwingine, na baada ya huo mwingine. Binti akasogea akawa anafunga vifuniko. Saa niliyoitaja ilipofika maji yalipungua, yakawa uzi, yakakatika, na chini palikuwa bado na mitungi sita mitupu.